Ganda nene na fupi halifanyi kazi ya ganda refu

Wengi huamini kwamba ganda la risasi ya .300 WSM (Winchester Short Magnum, nene na fupi) likipanuliwa mdomo lipokee kichwa (kipande kinachoruka) chenye kipenyo cha inchi .458, bunduki ya mtambo mfupi (mtambo ni sehemu inayoingiza risasi na kuifungia) itapiga sawa na .458 Winchester Magnum, risasi yenye ganda refu zaidi. Si kweli, hasa kwa vichwa vizito. Ganda hilo lina urefu wa milimita 53.3, na risasi nzima isizidi 72.6 ili itoshee mtambo mfupi. Zinabaki 19 tu za kichwa kuchomoza. Kichwa cha gramu 32, chenye milimita 35 hivi, huzama 16 ndani, mahali pa baruti. Kulazimisha baruti zaidi ni hatari, maana shinikizo hupanda ghafla. Heri kichwa chepesi, au mtambo mrefu. Na ufupi haupunguzi msukumo wa bunduki kurudi nyuma: mtambo mfupi huifanya bunduki iwe nyepesi, na bunduki nyepesi huumiza bega zaidi.