Kabla ya kuukaza mkanda, tafuta kinachotikisa

Wiki mbili zilizopita niliitwa katika karakana moja ya useremala mtaani Ndosho, hapa Goma, kutazama mashine ya randa iliyokuwa ikitikisika kiasi kwamba kikombe cha chai kilichowekwa juu ya meza yake kilitembea chenyewe hadi ukingoni. Mwenye karakana alikuwa amenunua mikanda mitatu ndani ya miezi miwili, na kila mmoja aliukaza kuliko uliotangulia. Nilipougusa upande wa beringi, ambazo wengi wetu huku huziita rulema, niliuondoa mkono upesi kwa joto lake. “Fundi, nitafute mkanda wa nne?” aliniuliza. Nilimjibu, “Hapana, Papa. Kwanza tuufungue huu wa tatu.”

Mkanda ndio unaoshutumiwa kwanza kwa sababu ndio unaoonekana ukicheza. Lakini kuukaza kupita kiasi hakuondoi mtikisiko. Kunaupeleka mzigo kwenye beringi za mota na za shafti ya visu, yaani mhimili unaozungusha visu, nazo zikishalegea zinaongeza mtikisiko wa pili juu ya ule wa kwanza. Kwa hiyo utaratibu wangu ni kutenganisha viungo vya mashine, kimoja baada ya kingine, mpaka kile chenye kosa kibaki peke yake.

Kabla ya hapo, umeme ukatwe. Mashine nyingi za hapa zimeungwa moja kwa moja bila plagi, na umeme wetu hukatika na kurudi bila kubisha hodi. Mashine iliyoachwa swichi yake ikiwa imewashwa itaanza kuzunguka yenyewe umeme utakaporudi, hata kama vidole vyako viko kati ya mkanda na puli, yaani gurudumu linalozungushwa na mkanda au kuuzungusha. Kwa sababu hiyo nazima disjonta, yaani swichi kuu ya kukata umeme, nafunga kisanduku chake kwa kufuli, na ufunguo unakaa mfukoni mwangu. Mwenye uwezo afunge swichi yenye kontakta, ambayo hujiachia umeme unapokatika na haiwashi tena mpaka mtu abonyeze kitufe.

Jaribio la kwanza ni kuvua mkanda na kuiwasha mota peke yake kwa muda mfupi. Mkanda huvuliwa kwa kulegeza boliti za mota na kuisogeza, si kwa kuuchokonoa kwa bisibisi, kwa maana nyuzi za ndani hukatika bila wewe kuona. Mota ikitikisika ikiwa peke yake, kosa liko kwenye beringi zake, miguu yake, au puli iliyotobolewa nje ya kitovu. Mota ya Ndosho ilitulia kabisa.

Hesabu pia husaidia. Mota ile huzunguka mara 2,850 kwa dakika, puli yake ina kipenyo cha milimita 140 na ile ya visu milimita 80, hivyo visu huzunguka karibu mara 5,000 kwa dakika. Kwa sekunde moja, mota huzunguka takriban mara 47, visu mara 83, na mkanda wenyewe, kwa urefu wake wa karibu mita 1.4, humaliza mzunguko karibu mara 15 tu. Hakuna anayeweza kuzihesabu, lakini kiganja kilichozoea, kikiwekwa kwenye kitako cha mashine mbali na visu, hutofautisha mtutumo mzito wa mkanda wenye kasoro na mvumo mwembamba wa visu. Pale nilisikia mvumo.

Tulipovitoa visu na kuvipima kwenye mizani ndogo, kimoja kilizidi wenzake kwa gramu 10, kwani kilitoka kwenye seti nyingine. Gramu 10 zinaonekana si kitu. Hata hivyo, zikiwa sentimita 5 kutoka katikati ya shafti na kuzunguka mara 5,000 kwa dakika, zinavuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 14, na mvuto huo hubadilisha upande mara 83 kila sekunde. Nguvu hii hukua kwa mraba wa mwendo: ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Ndiyo maana sikubaliani na mafundi wanaobadilisha puli ili randa “ikimbie” bila kuuliza shafti na visu vimetengenezwa kwa mwendo gani. Jambo lililonitisha zaidi ni kwamba boliti mbili zinazobana visu zilikuwa zimeanza kulegea kwa mtikisiko huo, na kisu kinachochomoka kwa mwendo kama ule hakichagui pa kwenda.

Sababu ya pili ilikuwa chini ya miguu yetu. Sakafu ilikuwa ya mawe ya lava yaliyosagwa na kufunikwa kwa saruji nyembamba, ambayo ilikuwa imepasuka chini ya mguu mmoja, hata karatasi ikapita kati ya chuma na sakafu. Tulichimba, tukamwaga zege nene, na baada ya kukauka tukaifunga mashine kwa boliti. Vipande vya mbao chini ya mguu havitoshi, maana hulegea.

Tuliporudisha mkanda, nilivuta uzi kwenye nyuso za puli zote mbili ili uguse sehemu nne bila kupinda, kwa kuwa puli zisizonyooka hula mkanda ubavuni. Mkanda wa umbo la V hubana kwa mbavu zake. Ukiona chini ya mfereji wa puli pameng’aa, ujue mkanda unagusa chini na utateleza. Hapo wengine hupaka sabuni au lami, jambo ambalo huharibu mpira na kukusanya vumbi la mbao. Ule wetu ni A55, yaani aina A yenye upana wa milimita 13 na urefu wa ndani wa inchi 55. Aina B, yenye milimita 17, haikai kwenye mfereji wa A, ingawa sokoni utaambiwa ni mamoja. Kwa kukaza, katikati ya puli na puli mkanda ubonyee takriban milimita 16 kwa kila mita ya nafasi hiyo. Kwetu, kwa sentimita 54, ilikuwa milimita 8 au 9. Mashine yenye mikanda miwili ibadilishiwe yote pamoja, la sivyo mpya utabeba mzigo wa mkongwe.

Jioni kikombe cha chai kilisimama palepale kilipowekwa. Vijana walitaka kuanza kuranda mbao za libuyu mara moja, huku kinga ya mkanda ikiwa bado imeegemezwa ukutani na mmoja wao akiwa na mikono ya shati inayoning’inia. Niliirudisha kinga mwenyewe, nikafunga boliti zake nne, nikangoja yule kijana akunje shati lake, kisha nikautoa ufunguo mfukoni.