Dengu za Kuuza Nje: Ukaguzi Huanzia Kwenye Turubai la Kupuria

Kila msimu wa dengu Kanda ya Ziwa, malalamiko huwa yaleyale: cheti cha afya ya mimea kimechelewa, mzigo umezuiwa, mnunuzi wa India au Pakistani analalamika. Kulima dengu kwenye mbuga (tambarare za udongo mweusi) kwa unyevu uliobaki baada ya mpunga au mahindi, wakulima wetu wanakujua. Shida huanzia kwenye kuvuna.

Ng'oa mimea asubuhi mapema, majani yakiwa yamegeuka manjano na maganda kahawia. Jua likishapanda, maganda hupasuka na punje humwagika. Pura juu ya turubai. Ukipuria ardhini, udongo mweusi humeguka vidongo vyenye ukubwa wa punje ambavyo chekeche haivitenganishi, na kwa kuwa ni vizito, ungo nao hauvipeperushi. Udongo kwenye mzigo ni suala la karantini, kwani hubeba vimelea vya mnyauko fuzari (ugonjwa wa kuvu unaonyausha dengu) na mbegu za magugu. Kausha hadi unyevu usizidi asilimia 12. Wanaonyunyizia maji ili kuongeza uzito wanaalika kuvu, na kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika magunia yao huunganishwa na ya wenzao wasio na kosa.

Adui mkubwa zaidi ni fukusi. Jike hugandisha mayai juu ya ganda la punje, yakaonekana kama vitone vyeupe. Buu hutoboa na kula ndani, na punje huonekana nzima mpaka mdudu mpevu atoke, akiacha tundu la mviringo. Ndiyo maana kauli ya "mzigo ni safi, nimeuangalia" haitoshi. Mkaguzi huchukua sampuli juu, katikati na chini ya rundo, huzichekecha, kisha hutazama punje kwa lenzi.

Ufukizaji, yaani kuua wadudu kwa gesi ya fosfini, hufanywa na mtaalamu aliyesajiliwa, chini ya turubai lisilovuja, kwa siku 5 hadi 7. Wapo wanaotaka siku mbili kwa sababu meli inasubiri. Siku mbili huua wadudu wapevu. Mayai yaliyo juu ya punje na wadudu wachanga waliomo ndani yake huweza kusalimika, kisha hukomaa ndani ya kontena safarini. Gesi hii huua watu pia: hakuna anayeruhusiwa kulala ghalani wala kufunua turubai kabla ya vipimo vya gesi.

Na tuliseme wazi: cheti hakinunuliwi. Msafirishaji huwasilisha maombi pamoja na masharti ya nchi inayopokea (India hufuata Agizo la Karantini ya Mimea la mwaka 2003), mzigo hukaguliwa, hufukizwa panapotakiwa, ndipo Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu hutoa cheti. Jina la kisayansi, Cicer arietinum, kiasi, asili, alama za magunia na dawa iliyotumika lazima vilingane na mzigo wenyewe. Cheti kilichofutwafutwa ni batili. Kasoro ikigundulika bandarini ugenini, mzigo unaweza kufukizwa upya, kurudishwa au kuteketezwa, na gharama hubebwa na wafanyabiashara, si na serikali. Leta maombi kabla kontena halijapakiwa. Likishafungwa litafunguliwa kwa ukaguzi, na siku za kukaa bandarini zitaendelea kuhesabiwa.

Baada ya kufukiza, tumia magunia mapya. Yaliyotumika msimu uliopita huwa na fukusi kwenye mishono.