Mwandiko wa Swift: kusoma karatasi za mtu aliyejificha

Tarehe 19 Januari 1724 Jonathan Swift, akiwa Dublin, alimwandikia rafiki yake Charles Ford kwamba ameshaiacha nchi ya farasi, sasa yuko kwenye kisiwa kinachoruka, na hatakaa huko sana. Ukiipitia barua hiyo harakaharaka utadhani mzee ana homa. Aliyesoma kitabu chake, Safari za Gulliver, atashtuka kwa sababu nyingine. Ndani ya kitabu, kisiwa kinachoruka kimo katika safari ya tatu na farasi wenye akili wamo katika safari ya nne. Kumbe ya nne ndiyo iliyotangulia kuandikwa!

Hilo tusingelijua kwa kukisoma kitabu peke yake, hata ukikirudia mara kumi. Barua za Swift kwa Ford zilipochapishwa mwaka 1935, wapo wataalamu waliokuwa wakiamini kwamba sehemu kubwa ya Gulliver ilikuwa tayari miaka mingi nyuma. Barua zikaeleza vingine: Aprili 1721 anasema anaandika habari za safari zake, na Agosti 1725 anasema amemaliza na sasa ananakili nakala safi.

Tahadhari moja kuhusu tarehe kabla sijaendelea. Hadi mwaka 1752, kisheria mwaka mpya wa Uingereza na Ayalandi ulianza tarehe 25 Machi. Januari na Februari zilihesabiwa bado kuwa za mwaka uliopita, ndiyo maana wengi waliandika miaka miwili pamoja, 1723-4. Nilipoanza kazi hii ya kusoma karatasi za Swift nililiweka fungu zima la barua za Januari mbele ya Novemba iliyolitangulia, nikabaki nashangaa mtu anavyojibu maswali ambayo bado hajaulizwa. Siku mbili zilipotea hapo.

Swift alizaliwa Dublin mwaka 1667, wazazi wake wakiwa Waingereza, na tangu 1713 alikuwa mkuu wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick mjini humo. Karatasi zake hazikai pamoja. Fungu kubwa liko London, katika Jumba la Makumbusho la Victoria and Albert, kwenye mkusanyo ulioachwa na John Forster, rafiki wa mwandishi Charles Dickens, aliyefariki mwaka 1876 akiwa ametoa juzuu ya kwanza tu ya maisha ya Swift. Jingine liko British Library. Nyingine ziko Cambridge, New York, California. Hatua chache kutoka kanisani kwake, katika Maktaba ya Marsh, kuna nakala yake ya historia ya Clarendon kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, ambamo pembezoni amewaporomoshea Waskoti matusi kwa penseli. Mchungaji huyo.

Kila anayeanza kazi hii mimi humwambia jambo moja: mwandiko wa Swift ulikuwa ushahidi wa mahakamani, na mwenyewe alilijua hilo. Mwaka 1722 Mwingereza mmoja, William Wood, alipewa kibali cha kufua sarafu za shaba kwa ajili ya Ayalandi, bila Waayalandi kuulizwa. Mwaka 1724 zikaanza kutoka barua za hadhara zilizotiwa saini ya muuza vitambaa wa Dublin, zikiwaambia watu wasizipokee sarafu hizo. Barua ya nne iliwakera watawala hadi wakatangaza zawadi ya pauni 300 kwa atakayemtaja mwandishi. John Harding, mchapaji, akatiwa ndani. Mji mzima ulimjua muuza vitambaa huyo ni nani. Watu wakawa wanapitishiana aya ya Kitabu cha Kwanza cha Samweli inayosimulia jinsi watu walivyomwokoa Yonathani asiuawe, na jina la Swift, kama unavyoona, lilikuwa Jonathan. Zile pauni hakuna aliyekwenda kuzidai. Mwaka uliofuata kibali cha Wood kikafutwa.

Sasa tazama alivyokipeleka Gulliver kwa mchapishaji. Agosti 1726 Benjamin Motte wa London alipokea barua kutoka kwa mtu aliyejiita Richard Sympson, binamu wa Gulliver, akieleza kwamba anao mswada wa safari za ndugu yake. Ukiiweka barua hiyo kando ya barua za kweli za Swift unaona mara moja kwamba mkono si wake. Ni wa rafiki yake mshairi, John Gay. Mswada wenyewe, kwa maelezo ya mshairi Alexander Pope, rafiki yao, uliangushwa nyumbani kwa Motte gizani kutoka kwenye gari la farasi la kukodi, naye asijue umetoka kwa nani. Kitabu kikatoka tarehe 28 Oktoba. Mswada ule haupo leo. Wageni wengi huulizia mswada wa Gulliver kabla ya kitu kingine chochote, na jibu langu huwavunja moyo.

Kilichopo ni nakala ya Ford. Motte aliogopa kushtakiwa, akaruhusu sehemu kadhaa zilainishwe. Swift akakasirika. Ford akachukua nakala iliyochapishwa, yenye kurasa tupu zilizotiwa katikati ya zile za chapa, akaandika humo masahihisho pamoja na vipande visivyokuwemo. Imo katika mkusanyo wa Forster. Kipande ninachokipenda ni cha mji wa Lindalino. Wakazi wake wanamwasi mfalme wa kisiwa kinachoruka, ambaye huiadhibu miji kwa kuifunika jua au kuiponda. Wanajenga minara minne mirefu, wanaweka sumaku juu yake ili kisiwa kikishuka kinaswe, na mfalme inambidi akubali masharti yao. Litazame jina: ndani ya Lindalino kuna «lin» mbili. Kwa Kiingereza, lin maradufu ni «double lin», na ukilitamka upesi linakuwa Dublin. Ni kisa cha sarafu za Wood, kimevalishwa nguo nyingine. Hakuna aliyethubutu kukichapa Swift akiwa hai, hata katika toleo la Dublin la 1735. Kilichapwa mara ya kwanza mwaka 1899.

Daftari zake za hesabu nazo zinafaa kutazamwa, japo wengi huziruka. Mwaka wake wa fedha ulikwenda Novemba hadi Novemba, na ameandika kila alichopoteza na kushinda kwenye karata. Katika la 1708 hadi 1709, katikati ya matumizi, anaandika kwamba kwa siku kadhaa alishikwa na kizunguzungu mara kwa mara, akimwomba Mungu amsaidie. Ugonjwa huo wa sikio la ndani ulimfuata maisha yake yote.

Ila kama ningeruhusiwa kufungua kisanduku kimoja tu, ningefungua barua zinazojulikana kama Shajara kwa Stella. Ziko 65, alizowaandikia kutoka London kati ya 1710 na 1713 wanawake wawili waliokuwa Dublin, Esther Johnson na Rebecca Dingley. Miswada iliyosalia, British Library, ni ya barua ya 1 na zile za 41 hadi 65, kasoro moja. Zile za 2 hadi 40 tunazo kwa chapa tu, katika toleo la 1768 la Deane Swift, ndugu wa ukoo wake.

Kwenye karatasi zenyewe wanawake hao wawili wanaitwa MD, Esther peke yake ni Ppt, na Swift anajiita Pdfr. Jina Stella, ambalo Esther anajulikana nalo leo, halimo. Deane Swift ndiye aliyelipachika, na Pdfr akamgeuza Presto, jina alilopewa Swift na mke wa Duke wa Shrewsbury, Mwitaliano, aliyeshindwa kulitamka jina lake kwa Kiingereza: «presto» kwa Kiitaliano ni upesi, kama «swift» kwa Kiingereza. Ndiyo maana huwa sizinukuu barua za 2 hadi 40 bila wasiwasi.

Usiku, akiwa kitandani, Swift huanza kuandika kitoto. Herufi r inageuka l, maneno yanakatwa mikia. Anawaaga «nite deelest logues». Wenzangu wa lugha nyingine huhangaika na kitu hiki, lakini sisi ambao watoto wetu wanasema «lafiki» na «thaa ngapi» tunakielewa bila kamusi. Ningekitafsiri hivi: uthiku mwema, wapendwa wangu wakolofi. Mtu aliyewatetemesha mawaziri kutwa nzima, usiku anadeka.

Sehemu nyingi za kitoto hicho zimefunikwa kwa vizingo vya wino, duara juu ya duara, mstari mzima. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuna mtu baadaye aliyeona haya kwa niaba yake. Abigail Williams, aliyehariri toleo la 2013, alizipiga picha za kidijitali, akayasoma maneno mengi yaliyo chini, na akahitimisha kwamba Swift ndiye aliyefuta mengi yake mwenyewe, kama mchezo: msomaji ajitahidi kumfunua. Nakubaliana naye. Mtu anayetaka kuficha kweli huchoma karatasi. Hapo wino wa juu na wa chini umekwenda rangi moja ya kahawia, na katika picha iliyokuzwa unaona mikia ya herufi ndefu ikichungulia nje ya vizingo.

Majibu ya Esther yalikuwa yakifika kwenye mgahawa wa kahawa wa St James's, yakiwekwa kwenye kasha la kioo yasubiri mwenyewe. Siku moja mwaka 1710 Robert Harley, aliyekuwa akiongoza serikali, alimuuliza Swift ameanza lini mtindo wa kujiandikia barua. Alikuwa ameiona moja kwenye kioo na yuko tayari kuapa ni mwandiko wa Swift. Ford naye, aliyeichukua na kumpelekea, alidhani vivyo hivyo. Ulikuwa mwandiko wa Esther. Swift alimfundisha tangu utotoni, nyumbani kwa Sir William Temple, mwajiri wa Swift wakati huo, na mkono wake ukatoka kama wa mwalimu.

Barua hiyo haipo, wala nyingine zote alizompelekea London. Mashairi ya Swift yaliyonakiliwa kwa mkono wa Esther yapo. Kwa hiyo nikiletewa karatasi isiyo na saini yenye herufi zile, huiweka chini kwanza na kutafuta tarehe: kama ni ya baada ya Januari 1728, mwezi aliofariki Esther, mikono inabaki mmoja.