Paka kanenepa? Mpunguzie msosi, ila usimshindishe njaa

Ukiniletea paka mnene kliniki, swali langu la kwanza ni nani anamlisha. Wengi wananijibu "mimi hapa dokta, hamna mwingine", afu tukianza kuhesabu tunakuta dada wa kazi nae anampa asubuhi, watoto wakirudi shule wanamtupia vya mezani, bibi ana kisahani chake cha maziwa, na kwa hizi nyumba zetu za Dar ambazo paka anaruka ukuta muda anaotaka, jirani nae ana bakuli lake. Kuna dume mmoja wa Magomeni anaitwa Bosi, nyumba ya pili kumbe wanamuita Shemeji na kila jioni anatengewa vichwa vya vibua. Mwenye paka alikuwa analalamika kabisa kwamba Bosi hali, anagusa tu chakula anaacha. Anaacha sababu ameshiba ukweni!

Nimeanza na hilo makusudi, sababu watu wanakuja wanataka niwatajie chakula fulani cha kukondesha wakanunue mambo yaishe. Kinachomkondesha paka ni hesabu, na hesabu haiwezekani kama wanaolisha ni watano na hakuna anayejua mwenzake katoa nini. Kwahiyo nyumba nzima mkae chini, achaguliwe mtu mmoja wa kulisha, na jirani aambiwe kwa upole. Ukiona aibu kwenda kumwambia mfunge paka utepe shingoni, ule unaoachia kirahisi akinasa mahali, uweke na kikaratasi "niko kwenye dayati naomba msinipe kitu". Watu wanacheka ila wanaelewa.

Ila kabla ya yote hakikisha ni unene kweli. Huku kwetu tumbo kubwa la paka linaweza kuwa minyoo, mimba au maji, na mwenye minyoo ukimpunguzia chakula unammaliza. Mguse mbavuni. Kunja ngumi upapase vile vifundo vyako, mbavu za paka zikiwa hivo amekonda. Nyoosha mkono upapase mgongo wa kiganja, mifupa unaisikia chini ya ngozi bila kubonyeza, hapo ndo penyewe. Sasa geuza upapase upande wa ndani chini ya vidole, mifupa mpaka uitafute: mbavu zikiwa hivo huyo ni mnene. Afu msimamie kwa juu umwangalie, anatakiwa awe na kiuno. Ile ngozi inayoning'inia chini ya tumbo karibu na miguu ya nyuma, inayoyumba akikimbia, isikutishe, hata paka wembamba wanayo. Na kama tumbo limetuna lakini uti wa mgongo unauhesabu pingili, sahau dayati, mlete haraka.

Waliohasiwa na waliofungwa kizazi ndo wateja wangu wakubwa kwenye hili. Baada ya operesheni mahitaji yake ya chakula yanashuka huku hamu ya kula inapanda, na mwenye paka anaendelea na kipimo kilekile. Sisemi usihasi, hasi tu, ila punguza chakula tangu wiki ileile.

Sasa hapa soma taratibu. Kinachoua paka wanene wakati wa kupunguzwa ni ile mtu anaamua "akae njaa siku mbili tatu atapungua tu". Binadamu anafunga, mbwa anavumilia, paka mnene hawezi. Akikosa chakula mwili unaanza kuyeyusha mafuta na kuyapeleka kwenye ini kwa wingi, ini la paka haliwezi kuyamaliza yote kwa pamoja, linajaa mafuta lenyewe na kuanza kushindwa kazi, na hii inaanza ndani ya siku chache tu. Utaona amelegea, anatoka udenda, anatapika, ukimfunua fizi au ukiangalia ndani ya masikio rangi imeshakuwa njano. Hapo tunaongelea kumlisha kwa mrija wiki kadhaa na wengine hawatoboi. Kwahiyo utaratibu wangu ni huu: paka mnene akipitisha siku nzima bila kutia kitu mdomoni nipigie simu, akiingia siku ya pili usipige, mlete. Hii inawahusu pia wale wanaobadilisha chakula ghafla wakisema "njaa ikimuuma atakula". Paka anaweza kugoma mpaka akadhurika. Changanya kipya na cha zamani, kipya kidogokidogo kikiongezeka kwa siku saba mpaka kumi.

Haya, hesabu. Bosi alikuwa na kilo 6 na kwa umbo lake alitakiwa awe kama 4.5. Tunatumia uzito anaotakiwa kuwa nao, sio alionao. Chukua kalkuleta ya simu, piga 4.5 mara 4.5 mara 4.5, jibu litafutie kipeuo cha pili, linalokuja litafutie tena kipeuo cha pili, afu zidisha na 70. Inakuja 216 hivi, hizo ndo kalori anazotumia kwa siku akiwa amejilaza tu. Anayepungua tunaanza nae na asilimia 80 ya hapo, yani kama 173. Vyakula vingi vikavu vya dukani vina kalori 350 mpaka 400 kwa gramu 100, imeandikwa nyuma ya mfuko, kwahiyo kwa siku nzima ni kama gramu 45. Pima kwa ile mizani ya jikoni ya kupimia unga wa keki. Kikombe kinadanganya, leo umejaza kwa kichuguu kesho umekisawazisha. Ukiona gramu 45 kwenye bakuli utaingiwa na huruma, najua, kila mtu anaingiwa.

Ndani ya hizo kalori 173 ndo ujue sasa kisahani cha bibi kinafanya nini. Maziwa ya ng'ombe yasiyotolewa mafuta, mililita 100, yana kalori kama 60, zaidi ya theluthi ya chakula chake cha siku nzima kwa kitu ambacho yeye anakiona ni kinywaji, na paka wakubwa wengi hata hawayayeyushi vizuri, yanawaharisha. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kukaangia kina kalori kama 120, kwahiyo samaki wa kukaanga usiseme "nimempa kipande tu".

Bibi wa nyumba ya Bosi alikuwa hataki kusikia. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniambia "mwanangu, huyu hajanenepa, huyu amenawiri". Sikubishana nae, nikamuonyesha mgongo wa Bosi pale juu ya mkia, manyoya yameshikana mabonge na mba imejaa, sababu na mwili ule ulimi haufiki tena. Nikamwambia bibi, paka asiyeweza kujisafisha anateseka, na akiendelea hivi kisukari kinamnyemelea na magoti yataanza kumuuma. Akaguna weee, mwisho akauliza "kwahiyo nimpe kidogo?" Kidogo ya bibi naijua, ni kisahani kilekile! Tukakubaliana kwamba mlo wa jioni wa Bosi, uliopimwa ndani ya zile gramu 45, atakuwa anampa yeye bibi kwa mkono wake. Ukimnyima mzee kulisha paka wake atamlisha kwa siri tu, mpe zamu yake ijulikane.

Wasionunua chakula cha dukani, na ndo wengi, nawaeleza hivi. Paka ni mla nyama moja kwa moja, ugali na wali mwingi hauna kazi kwake zaidi ya kuongeza kalori, kwahiyo kwenye ule mchanganyiko wa ugali na dagaa punguza ugali kwanza. Ila dagaa nae usimjaze, yule amekaushwa, maji yametoka, kwahiyo kiganja kimoja kina nguvu nyingi kuliko samaki mbichi wa uzito uleule, na wa baharini wengine wana chumvi kali, loweka umwage maji. Kuku wa kuchemsha asiye na ngozi ni mzuri, gramu 100 za kidari ni kama kalori 165, ila nyama tupu haina kalsiamu ya kutosha, afu kuna kirutubisho kinaitwa taurini ambacho paka hawezi kujitengenezea cha kumtosha. Akikikosa moyo unatanuka na macho yanaharibika, hili la moyo watafiti wa Marekani walilionyesha mwaka 1987. Taurini inatoka kwenye nyama na kuingia kwenye maji ya kuchemshia, kwahiyo usimwage supu, mmiminie, bila chumvi, na mioyo ya kuku iweke mara kwa mara kwani inayo kwa wingi. Maini kidogo tu, ukimpa kila siku vitamini A inazidi na mifupa ya shingo inaharibika. Mabaki ya mchuzi na pilau hapana kabisa, kitunguu maji na kitunguu saumu vinavunja damu ya paka. Kwa dayati ya miezi mingi mimi sipendi mtu ategemee chakula cha nyumbani peke yake, ukikipunguza unapunguza na virutubisho. Kama mfuko unaruhusu, kile cha kikliniki kilichotengenezwa kwa kupunguza uzito kina protini nyingi na vitamini zake zimeongezwa kufidia, ni ghali kweli lakini kumbuka anakula gramu chache.

Chakula cha kopo kinasaidia sababu robo tatu yake na zaidi ni maji, anapata ujazo tumboni kwa kalori chache. Kopo likikushinda bei changanya, asubuhi kikavu jioni kopo, ilimradi jumla isizidi. Gawa milo mitatu mpaka minne midogo. Kikavu unaweza kukitia kwenye chupa tupu ya maji iliyotobolewa matundu, aibiringishe mwenyewe zidondoke moja moja, anakula taratibu na anapata mazoezi kidogo. Mazoezi yenyewe siyapi uzito sana, kamba ya kuchezea dakika chache jioni inatosha, unene wa paka unaisha bakulini.

Atalia. Adhana ya alfajiri ikianza nae anaanza, anakukanyaga kifuani, anaangusha vitu. Ukiamka ukampa umeshamfundisha kazi. Mlo wa kwanza upe saa yake, na usiwe mara tu unapofungua macho, piga mswaki kwanza, fanya mambo yako, afu ndo ulishe. Wenye paka zaidi ya mmoja walisheni vyumba tofauti na bakuli litolewe baada ya nusu saa, la sivyo mnene anakula cha mwembamba. Na kama paka wako ana kisukari na anachomwa insulini usiguse chakula chake bila kuongea na daktari wake, dozi inabidi iende na chakula, sukari ikishuka ghafla unampoteza.

Kupungua kwenyewe ni kwa asilimia nusu mpaka asilimia 1 ya uzito kwa wiki. Wa kilo 6 ni gramu 30 mpaka 60, yani hutoiona kwa macho, na mizani ya bafuni haiioni vilevile. Mtie kwenye kikapu nenda nae kwa muuza duka mwenye mizani ya dijitali, pima, afu toa uzito wa kikapu, kila baada ya wiki mbili mizani ileile. Wiki akipungua zaidi ya asilimia 2 mwongezee chakula, hiyo ni kasi ya hatari. Akikwama mwezi mzima, kabla hujapunguza gramu yoyote rudi kuuliza nani anamlisha, tisa kati ya kumi, eeh ni makadirio yangu tu, kuna mtoto anaficha soseji. Kama kweli hamna, ndo unakata asilimia 5 mpaka 10. Kutoka 6 mpaka 4.5 tegemea miezi sita mpaka mwaka mzima, au zaidi kidogo, na akifika usirudi kwenye kikombe cha zamani, ongeza kama asilimia 10 ya anachokula, pima baada ya wiki mbili, ongeza tena kama bado anashuka.

Anayetaka nimpigie hesabu ya paka wake aniandikie uzito wa sasa, umri, kama amehasiwa, na apige picha nyuma ya mfuko wa chakula pale kwenye kalori. Picha ya paka peke yake, hata awe mzuri vipi, hainisaidii.