Betri kubwa haiunguzi mota

Jamani, hapa Lamu bado nasikia watu wakisema ukifunga betri ya 100Ah (ampea-saa, kipimo cha chaji inayobebwa na betri) kwa ile pampu ndogo ya kutoa maji ya ngama, yaani yale yanayojikusanya chini ndani ya mashua, mota itaungua. Si kweli kabisa! Mota ya volti 12 ikipewa volti 12 inavuta ampea inazohitaji tu, betri iwe ya 7Ah ama 100Ah, hiyo Ah kubwa ni kwamba chaji itadumu zaidi, basi. Kinachounguza ni volti kuzidi, mfano umeunga chanya ya betri moja kwa hasi ya nyingine zikawa 24. Ukitaka zibaki 12, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Na mota ikikwama, tuseme nyuzi za wavu zimejisokota ndani ya pampu, ampea zinapanda vibaya sana, kwa hivyo wekeni fyuzi karibu na betri tafadhalini.