Krimu ya shubiri huoza kama mchicha

"Ni ya asili, haina kemikali, haiharibiki." Hivyo ndivyo vipodozi vya mitishamba vinavyonadiwa hapa Nairobi, na neno la mwisho ndilo linaloniudhi. Tangu lini cha shambani kikakosa kuoza? Ute wa shubiri ni maji, takriban asilimia 98, na penye maji bakteria na ukungu hawangoji kualikwa. Uuchanganye na mafuta na nta ya nyuki, uutie koponi, kisha mteja awe anachovya kidole kila asubuhi: krimu hiyo isipotiwa kihifadhi, yaani kiungo cha kuzuia vijidudu, inafuga vijidudu hata kabla haijanuka.

"Lakini mimi huweka vitamini E!" Nimejibiwa hivyo na watengenezaji hodari kabisa. Vitamini E huchelewesha mafuta kuharibika kwa hewa, basi. Bakteria haiwagusi. Mafuta matupu ya mlonge au mwarobaini, bila tone la maji, hayahitaji kihifadhi, kwa hiyo anayeanza biashara afadhali aanzie hapo.

Ila hata hapo kuna mtego. Wengi huloweka majani mabichi ya mwarobaini kwenye mafuta wakiamini mabichi yana nguvu zaidi. Jani bichi huingia na maji yake, na wiki chache baadaye ukungu umetanda juu ya chupa. Yaanike kivulini mpaka yavunjike mkononi ndipo uyaloweke.

Halafu kuna wale wa "kinacholiwa hakiwezi kudhuru ngozi". Ndimu ya sokoni Marikiti imkolee samaki. Ukijipaka usoni ukatoka juani, viini vyake hushirikiana na jua kuunguza ngozi: malengelenge kwanza, kisha madoa meusi ya miezi kadhaa. Na wengi huipaka ili kuondoa madoa! Shubiri nayo ina utomvu wa njano chini ya ganda, unaowasha. Jani lililokatwa lisimamishe wima uchuruzike, ndipo umenye.

Wapo pia wanaodhani mmea wa porini hauna mwenyewe. Msandali, mti wa mafuta ya manukato, ulipigwa marufuku kuvunwa Kenya mwaka 2007, na shubiri zetu za porini zinalindwa kisheria. Nunua za kupandwa.

Kabla ya kuuza kopo hata moja, paka kidogo ndani ya kiwiko chako, ungoje siku mbili.