Lahajedwali ni nini hasa?

Mwaka 1978 Dan Bricklin alikuwa mwanafunzi wa shahada ya biashara Harvard, Marekani. Darasani, profesa alikuwa amejaza ubao kwa hesabu za kampuni zilizopangwa kwenye jedwali. Namba moja ikirekebishwa, jumla inabadilika, na faida iliyotokana na jumla hiyo nayo inabadilika, kwa hiyo ni kushika dasta na kufuta huku na huku. Bricklin akawaza ubao unaoweza kufanya marekebisho hayo wenyewe.

Wazo hilo ndilo moyo wa lahajedwali. Jina lina laha, yaani karatasi, na jedwali. Kazini wengi wetu tunasema "Excel" tu, lakini hilo ni jina la programu moja kati ya nyingi za aina hii. Skrini imegawanywa kuwa visanduku viitwavyo seli. Safu zilizosimama zina herufi, mistari iliyolala ina namba, basi B4 ni seli ya safu B, mstari wa 4. Ndani yake unaweza kuandika maneno, namba, au fomula, yaani agizo la hesabu linaloanza na alama ya =.

Fomula ndiyo inayostahili kueleweka vizuri. Chukua mweka hazina wa kikoba chenye wanachama 30. Bei ya hisa, shilingi 2,000, anaiandika mara moja tu, kwenye B1. Majina yanaanzia A4, na hisa za kila mmoja B4. Kwenye C4 anaandika =B4*$B$1, nyota ikiwa ni alama ya kuzidisha. Mwenye hisa 5 anatokea na 10,000. Kisha anaivuta fomula hiyo hadi mstari wa 33. Ikishuka, B4 inageuka B5, halafu B6, ila $B$1 haisogei, kwa sababu alama ya dola imeifunga mahali pake. Chini, kwenye C34, anaweka jumla: =SUM(C4:C33).

Kikao kikipandisha hisa hadi 2,500, anagusa B1 peke yake. Mwenye hisa 5 anasoma 12,500, na wenzake wote pamoja na jumla wanafuata papo hapo. Huwa inaniuma kuona mtu anapiga hesabu kwenye kikokotoo cha simu, kisha anaandika jibu ndani ya seli. Bei ikibadilika, anaanza upya na mwanachama wa kwanza.

Hesabu za majedwali kwenye kompyuta kubwa zilikuwa zimeshajaribiwa tangu miaka ya 1960. Bricklin na rafiki yake Bob Frankston, aliyeandika msimbo, waliifikisha kazi hiyo kwenye kompyuta ndogo ya mezani, na mtumiaji akaona mabadiliko kwenye skrini palepale. Programu yao, VisiCalc, ilitoka mwaka 1979 kwa ajili ya Apple II, ikiwa na safu 63 na mistari 254. Wapo wafanyabiashara walionunua Apple II kwa sababu yake tu. Hawakuwa na hataza, yaani haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasiige, na mwaka 1983 Lotus 1-2-3 ya kompyuta za IBM ikaipiku. Excel ilikuja mwaka 1985, kwanza kwa Macintosh, na mwaka 2006 Google ikaleta ya kwake ya mtandaoni. Excel ya leo ina mistari 1,048,576 katika laha moja.

Ukubwa huo haukukingi na kosa dogo. Mwaka 2010 wachumi wawili, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walichapisha utafiti kuhusu madeni ya nchi na ukuaji wa uchumi, ukanukuliwa sana na wanasiasa waliotaka serikali zibane matumizi. Mwaka 2013 mwanafunzi Thomas Herndon alipoifungua lahajedwali yao alikuta, pamoja na kasoro nyingine, fomula ya wastani iliyoishia mstari wa 44 badala ya 49. Nchi tano zilikuwa zimeachwa nje.

Kosa la namna hiyo linaweza kuingia hata kwenye daftari la kikoba. Akijiunga mwanachama wa 31, ingiza mstari wake, kisha bonyeza seli ya jumla usome fomula inaishia mstari gani.